Sauti Iliyoitangulia Filamu: Viola da Gamba kutoka Enzi ya Louis wa 14 hadi Sinema

Muziki wa baroki, yaani muziki wa sanaa wa Ulaya uliotungwa takriban kati ya mwaka 1600 na 1750, umetumiwa na watengenezaji wa filamu kwa njia nyingi, lakini ni mara chache umekuwa kiini cha kisa chenyewe kama ulivyokuwa katika filamu ya Kifaransa Tous les matins du monde, jina lenye maana ya asubuhi zote za dunia, iliyoongozwa na Alain Corneau na kuanza kuonyeshwa Desemba 1991. Filamu hiyo inawahusu wanamuziki wawili walioishi kweli katika Ufaransa ya karne ya 17, mwalimu aliyejulikana kama Bwana de Sainte-Colombe na mwanafunzi wake Marin Marais, ambao wote walikuwa mabingwa wa ala iitwayo viola da gamba. Kwa kuwa watazamaji wengi waliisikia ala hiyo kwa mara ya kwanza katika kumbi za sinema, imezoeleka kusemwa kwamba filamu ndiyo iliyoifufua, na kauli hiyo ina ukweli wa kiasi tu. Ala ilikuwa imekwisha kufufuliwa na watu waliofanya kazi kwa miongo mingi katika maktaba, karakana na madarasa, na jambo la kweli kuliko yote ndani ya filamu, kuliko kisa chake na kuliko mavazi yake, ni sauti iliyotokana na kazi hiyo ya muda mrefu.

Viola da gamba, ambayo katika makala haya itaitwa viola kwa kifupi, hupigwa kwa upinde kama fidla, lakini haiwekwi begani bali husimamishwa katikati ya miguu ya mpigaji aliyeketi, na ndiyo maana Waitaliano waliiita viola ya miguuni. Shingoni mwake hufungwa vipande 7 vya utumbo wa kondoo vinavyoonyesha mahali pa kukandamizia uzi, kama vile vyuma vinavyoonekana kwenye shingo ya gitaa, na hata namna ya kulinganisha sauti za nyuzi zake iko karibu zaidi na gitaa kuliko fidla. Kwa maoni ya watafiti wengi, ala hii ilizaliwa mwishoni mwa karne ya 15 katika ufalme wa Aragon, nchini Hispania, hasa katika eneo la Valencia, pale wanamuziki walipoanza kutumia upinde kwenye vihuela, ala ya nyuzi ya ukoo wa gitaa, huku wakiishika wima kwa mtindo wa rababu ya Waislamu walioitawala nchi hiyo kwa karne nyingi. Kwa hiyo msikilizaji wa taarabu, aliyezoea udi na fidla vikiketi pamoja katika kundi moja, anapoisikia viola anakutana na ndugu wa mbali wa ala anazozijua, kwa sababu upinde wenyewe uliingia Ulaya kutoka ulimwengu wa Kiislamu.

Kutoka Hispania viola ilienea Italia, Uingereza na Ujerumani, lakini ni Ufaransa ya Louis wa 14, mfalme aliyetawala kuanzia 1643 hadi 1715, iliyoifikisha kwenye kilele cha ufundi wa mpigaji mmoja. Mabadiliko mawili ya kiufundi yalichangia sana hali hiyo, na yote mawili yalinasibishwa na Sainte-Colombe katika kitabu cha mafunzo ya viola ambacho mwanafunzi wake mwingine, Jean Rousseau, alikichapisha 1687. La kwanza ni kuongezwa kwa uzi wa saba, mzito kuliko mingine yote, juu ya nyuzi 6 zilizokuwapo tangu zamani. La pili ni kuingizwa Ufaransa kwa nyuzi za utumbo zilizozungushiwa waya mwembamba wa fedha. Uhusiano wa mambo haya mawili ni wa moja kwa moja, kwa maana uzi wa utumbo mtupu, ukitakiwa utoe sauti ya chini sana, lazima uwe mnene mno, na uzi mnene huchelewa kuitikia upinde na sauti yake hufifia. Waya wa fedha huuongezea uzito bila kuuongezea unene mwingi, na hivyo uzi wa saba ukaweza kusema waziwazi chini kabisa ya ala. Bila waya huo, sehemu kubwa ya muziki wa maombolezo unaosikika katika filamu isingeweza kupigwa.

Upinde nao una siri yake. Mpiga fidla hushika upinde kwa juu, lakini mpiga viola huushika kwa chini, kiganja kikielekea juu, na kidole chake cha kati hugusa manyoya ya farasi yanayosugua nyuzi, hivyo anaweza kuyakaza au kuyalegeza wakati sauti inaendelea kutoka. Kwa uwezo huo noti moja inaweza kuanza kwa mnong'ono, ikavimba, kisha ikapungua kama pumzi ya mtu anayesema, na wasikilizaji wa wakati ule waliisifu viola kwa sababu hii hasa, kwamba hakuna ala nyingine iliyokaribia sauti ya binadamu kiasi hicho.

Kuhusu Sainte-Colombe mwenyewe, kumbukumbu zilizobaki ni chache mno ukilinganisha na sifa zake. Hakuchapisha muziki wowote unaojulikana leo. Kazi yake kuu iliyosalia ni mkusanyo wa vipande 67 vya viola mbili zenye hadhi sawa, uliohifadhiwa katika hati ya mkono ambayo haikufika mikononi mwa wanazuoni hadi katika karne ya 20. Rousseau anamtaja kwa heshima kubwa, na wanafunzi wake kadhaa walikuja kuwa wapigaji wenye majina. Habari inayokumbukwa zaidi inatoka kwa Évrard Titon du Tillet, mwandishi aliyechapisha mwaka 1732 kitabu cha wasifu wa washairi na wanamuziki wa Ufaransa. Titon anaeleza kwamba Sainte-Colombe, baada ya kumfundisha Marais kwa muda wa miezi 6 tu, alitambua kuwa kijana huyo angeweza kumshinda, akamwambia hana zaidi cha kumwonyesha. Marais hakukubali kuachwa njiani. Sainte-Colombe alikuwa amejijengea kibanda cha mbao juu ya matawi ya mforosadi bustanini kwake, ili wakati wa kiangazi apige viola kwa utulivu, na mwanafunzi akawa anajipenyeza chini ya kibanda hicho, anasikiliza, na kuchukua mbinu ambazo mwalimu alitaka kubaki nazo peke yake, mpaka mwenyewe alipogundua na kujihadhari asisikiwe tena. Titon anaongeza pia kwamba Sainte-Colombe alikuwa akifanya matamasha nyumbani kwake pamoja na binti zake wawili, ambao nao walipiga viola.

Aya hiyo fupi ndiyo mbegu ya kila kitu. Pascal Quignard, mwandishi aliyekuwa amekwisha kumshughulikia Marais katika kitabu chake cha 1987 kuhusu masomo ya muziki, aliiotesha ikawa riwaya iliyochapishwa 1991, na Corneau akashirikiana naye kuandika filamu ya mwaka huohuo. Vitu walivyoviongeza ni vingi na vinafaa kutajwa bayana, kwa sababu watazamaji wengi huvichukua kuwa historia. Sainte-Colombe wa filamu ni mjane aliyevunjika moyo, anayeishi kwa ukali wa mafundisho ya Kijansenisti, yaani tapo la Kikatoliki lililohimiza kujinyima na kuziepuka anasa za dunia, naye anakataa wito wa mfalme na kumpigia marehemu mkewe, ambaye humtokea kibandani. Binti yake mkubwa, Madeleine, anampenda Marais, anamfundisha yale aliyofundishwa na baba yake, anaachwa, anadhoofika, na mwishowe anajitoa uhai. Katika kumbukumbu za karne ya 17 hakuna Madeleine huyo wala mapenzi hayo. Mtu aliyefundisha wanafunzi wengi na kukaribisha wageni kwenye matamasha ya nyumbani hawezi kuitwa mtawa wa upwekeni bila kulipinda jambo, ingawa ni lazima ikubaliwe kwamba muziki wenyewe, hasa kipande cha maombolezo kiitwacho Les Regrets, una huzuni nzito inayomshawishi msikilizaji yeyote kumtungia mtunzi wake maisha ya msiba.

Marais anajulikana vizuri zaidi, na yeye ndiye aliyeonewa na filamu. Alizaliwa Paris tarehe 31 Mei 1656, mtoto wa fundi viatu, na kuanzia 1667 alikuwa miongoni mwa watoto waimbaji wa kanisa la Saint-Germain-l'Auxerrois, karibu na kasri la Louvre, ambako alipata malezi kamili ya muziki hadi alipoondoka mwaka 1672 akiwa na umri wa miaka 16. Baada ya masomo yake kwa Sainte-Colombe aliingia katika okestra ya opera iliyokuwa chini ya Jean-Baptiste Lully, Mwitaliano wa Florence aliyeushika muziki wote wa mfalme mkononi mwake, na mwaka 1679 akateuliwa rasmi kuwa mpiga viola wa chumba cha mfalme, wadhifa alioushika kwa zaidi ya miaka 40. Alimwoa Catherine d'Amicourt mwaka 1676, wakazaa watoto 19, na baadhi ya wanawe wakarithi ala ya baba yao. Alitunga pia opera 4, na dhoruba ya baharini katika Alcyone ya mwaka 1706, iliyopigwa kwa nyuzi za chini na ngoma zilizolegezwa ngozi zikinguruma mfululizo, ilivuma sana wakati ule.

Filamu inamwonyesha mtu huyu kama msaliti wa sanaa aliyeuza kipaji kwa ajili ya mawigi na sifa za ikuluni. Inaanza na uso wa Marais mzee, uliojaa poda na uchovu, ukikaliwa na kamera kwa dakika kadhaa bila kuhama, huku wanafunzi wasioonekana wakipiga noti zao pembeni, naye akikiri kwamba hakuwa kitu na kwamba mwalimu wake pekee ndiye aliyekuwa mwanamuziki. Kama uigizaji, tukio hilo la Gérard Depardieu ni zuri mno, na linapata uzito zaidi kwa kuwa Marais kijana anachezwa na mwanawe wa kumzaa, Guillaume. Kama hukumu juu ya Marais wa kweli, halina haki. Kati ya 1686 na 1725 Marais alichapisha vitabu 5 vya vipande vya viola, karibu vipande 600 kwa jumla, vilivyochongwa kwenye mabamba ya shaba kwa uangalifu ambao haukuwahi kuonekana katika muziki wa ala hiyo. Juu ya noti aliweka tarakimu za vidole, alama za mtetemo, alama za mapambo ya sauti, na mwelekeo wa upinde. Katika kitabu cha tatu, cha 1711, akaongeza herufi e ndogo kumwonyesha mpigaji mahali pa kuivimbisha sauti. Mtu aliyechukua taabu hiyo yote hakuwa anakusanya sifa tu. Alikuwa anafanya kinyume cha kile ambacho Titon anasema mwalimu wake alikifanya kibandani, yaani alikuwa anaweka siri za mkono wake wazi kwa yeyote anayejua kusoma noti.

Isitoshe, kitabu cha pili, cha 1701, kina kipande cha maombolezo ambacho Marais alikitunga kwa ajili ya Sainte-Colombe. Wafaransa walikuwa na desturi ya kutunga vipande vya namna hii, walivyoviita kaburi, kwa ajili ya mwalimu, rafiki au mtu mkubwa aliyefariki, na katika kitabu hichohicho Marais alimtungia pia Lully, aliyefariki 1687 kutokana na jeraha la mguu alilolipata kwa kujipiga na fimbo ya kuongozea okestra. Kwa hiyo mwanafunzi aliyesikiliza chini ya mforosadi aliwaombolezea walimu wake wote wawili, yule wa bustanini na yule wa ikuluni, bila kuonyesha kwamba ilimpasa kuchagua mmoja na kumkana mwingine. Ukinzani mkubwa wa filamu, upweke mtakatifu upande huu na utukufu mtupu upande ule, ni wa Quignard na wa zama zetu.

Hata muziki uliochaguliwa haufuati kalenda. Kipande cha La Rêveuse, ambacho filamu inakifungamanisha na Madeleine na ujana wa Marais, kilichapishwa 1717 katika kitabu cha nne, mtunzi akiwa na umri wa miaka 61, pamoja na L'Arabesque na Le Badinage ambavyo navyo vinasikika humo. Kipande cha kengele za kanisa la Sainte-Geneviève ni cha 1723. Na masomo ya wiki takatifu ya François Couperin ni ya mwanzoni mwa karne ya 18, miaka mingi baada ya kisa kinachosimuliwa. Mwanahistoria anaweza kulalamika, na malalamiko yake yatakuwa sahihi. Hata hivyo kosa hili ni dogo kuliko linavyoonekana, kwa sababu vipande hivyo vilichaguliwa na kupigwa na mtu aliyevijua kutoka kwenye vitabu vyenyewe, na namna vinavyopigwa, kuanzia nyuzi za utumbo hadi uzito wa upinde, ni ya zama zinazosimuliwa.

Mtu huyo ni Jordi Savall, Mkatalani aliyezaliwa Igualada mwaka 1941. Ili kuipima nafasi yake ni lazima kueleza kwanza jinsi viola ilivyopotea. Katika karne ya 18 matamasha yalihama kutoka vyumba vya matajiri kwenda kumbi za umma zenye viingilio, kama zile za Concert Spirituel zilizoanza Paris mwaka 1725, na sauti ya viola, iliyotosha kwa watu wachache walioketi karibu, haikuweza kushindana na fidla wala na selo, ile ala kubwa ya ukoo wa fidla ambayo leo inasikika hata katika vikundi vya taarabu vya Zanzibar. Mwaka 1740 Hubert Le Blanc alichapisha mjini Amsterdam kitabu kizima cha kuitetea viola dhidi ya fidla na selo, jambo linaloonyesha kwamba vita vilikuwa vinaelekea kushindwa. Katika kitabu hicho ndimo ilimobaki sifa maarufu kwamba Marais alipiga kama malaika, na mshindani wake Antoine Forqueray kama shetani. Carl Friedrich Abel, Mjerumani aliyefariki London mwaka 1787, huhesabiwa kuwa bingwa mkubwa wa mwisho, na baada yake viola nyingi zilikatwa shingo na kugeuzwa selo.

Ufufuo ulianza mwishoni mwa karne ya 19, Arnold Dolmetsch alipoanza kuzitengeneza upya na kuzipiga ala za kale nchini Uingereza. Mwaka 1933 ilianzishwa mjini Basel, Uswisi, shule ya Schola Cantorum Basiliensis kwa ajili ya muziki wa kale, na humo August Wenzinger alifundisha viola kwa miongo kadhaa. Savall, aliyeanza kama mpiga selo, alisoma kwa Wenzinger na baadaye akaishika nafasi yake. Mwaka 1975 alianza kurekodi vitabu vya Marais kwa ajili ya kampuni ya Astrée, na 1976, akiwa pamoja na Mbelgiji Wieland Kuijken, alirekodi vipande vya viola mbili vya Sainte-Colombe. Maana yake ni kwamba miaka 15 kabla ya kamera ya Corneau kuwashwa, sauti ya kibandani ilikuwa tayari imenaswa kwenye santuri, na riwaya ya Quignard iliandikwa katika ulimwengu ambao tayari ulikuwa na masikio ya kuisikia.

Hapo ndipo filamu hii inapotofautiana na nyingine za aina yake. Mwaka 1968 Jean-Marie Straub na Danièle Huillet walitengeneza filamu juu ya Anna Magdalena Bach ambamo Gustav Leonhardt, mpiga kinanda na si mwigizaji, alikuwa Johann Sebastian Bach na kuupiga muziki mwenyewe mbele ya kamera, sauti ikinaswa papo hapo. Huo ulikuwa uaminifu wa hali ya juu, lakini uliwafikia watu wachache. Mwaka 1994 filamu ya Farinelli, juu ya mwimbaji aliyehasiwa utotoni ili asibalehe sauti, iliunda sauti yake kwa kuchanganya kwa kompyuta sauti za waimbaji wawili, mwanamke na mwanamume, kwa kuwa mwimbaji wa namna hiyo hayupo tena duniani. Corneau alishika njia ya katikati: waigizaji walijifunza kushika ala na kuusogeza mkono ipasavyo, Savall na wenzake wakapiga, na kisa kikajengwa polepole kiasi cha kuuachia muziki nafasi ya kumalizika. Kamera ya Yves Angelo, isiyohamahama, inapiga picha za vyumba vyenye mwanga wa mshumaa kama michoro ya wakati huo, na meza ya Sainte-Colombe yenye mvinyo na biskuti nyembamba zilizokunjwa imeigwa kutoka kwenye mchoro wa kweli wa Lubin Baugin ulioko Louvre.

Matokeo yake yanajulikana. Filamu ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 2 Ufaransa peke yake, ikapata tuzo 7 za César mwaka 1992, ikiwamo ya filamu bora na ya muziki, na rekodi ya muziki wake ikauzwa kwa mamia ya maelfu ya nakala, kiasi ambacho hakuna mpiga viola aliyewahi kukiota. Haki inadai ikumbukwe kwamba waliovuna hapo walivuna shamba lililolimwa Basel na katika maktaba za Paris. Msomaji anayetaka kumjua Marais kwa undani asiishie kwenye filamu. Afungue kitabu cha pili cha 1701, kwa kuwa vitabu vya Marais vimewekwa kwenye intaneti na Maktaba ya Taifa ya Ufaransa kwa yeyote kuvisoma bila malipo, kisha asikilize maombolezo ya Sainte-Colombe yakipigwa kutoka humo.